Siku Moja katika Pwani ya Unguja

Tazameni ramani ya Afrika. Wekeni kidole juu ya Kalemie, kwenye ukingo wa ziwa Tanganika. Sasa kipelekeni upande wa mashariki, moja kwa moja, bila kupanda wala kushuka. Kinavuka ziwa, kinapita nchi yote ya Tanzania, na baada ya kilomita 1,100 hivi kinafika katika Bahari ya Hindi. Hapo, mbele kidogo ya pwani, kinakuta kisiwa kirefu. Kisiwa hicho ni Unguja. Watu wengi hukiita Zanzibar. Urefu wake ni kilomita 85 hivi, na maji yanayokitenga na bara yana upana wa kilomita 35 hivi.

Jina la kisiwa hicho si geni katika Kongo. Lugha ya kitabu hiki ilitoka pande zile, ikafika Maniema na Katanga katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara. Tippu Tip, yule aliyeingia mpaka mto Lualaba kutafuta pembe za ndovu na watumwa, alizaliwa Unguja, naye alikufa hukohuko mwaka 1905. Siku hizi watu huenda Unguja kwa shughuli nyingine kabisa. Wanakwenda kupumzika. Kila mwaka ndege na meli huleta wageni wengi, kutoka Ulaya na kutoka nchi nyingi za dunia.

Wanatafuta nini? Wanatafuta jua, mchanga mweupe, maji ya kuogelea, samaki wa kuchoma na madafu. Mtoto wa Kalemie atasema: «Mengi ya hayo ninayo nyumbani.» Ni kweli. Anao mchanga, anayo mawimbi, anao ndagala. Lakini liko jambo moja ambalo hajaliona ziwani hata siku moja. Asipoelezwa mapema, jambo hilo litamshangaza, na pengine litamtia hatarini.

Tuseme mgeni amefika jioni katika kijiji cha Jambiani, upande wa mashariki wa kisiwa. Maji yamejaa, yanakaribia minazi. Anaogelea kidogo, anakula, anakwenda kulala. Asubuhi, jua likiisha kupanda, anatoka mbio na taulo begani. Kumbe, bahari haipo! Mahali alipoogelea jana pamekuwa mchanga mtupu wenye vidimbwi hapa na pale. Maji yako mbali, kilomita moja na zaidi, pale unapoonekana mstari mweupe wa mawimbi. Mitumbwi imelala ubavu juu ya mchanga kama ng'ombe waliochoka. Mgeni anadhani kuna balaa. Wenyeji hawana habari na balaa. Wanawake wanateremka na kamba na vijiti kichwani, wanazungumza na kucheka, wanakwenda palepale palipokuwa bahari. Ukiwauliza, watakujibu: «Maji yamepwa.»

Kupwa ni kuondoka kwa maji ya bahari. Kurudi kwake ni kujaa. Nani anayeyaondoa na kuyarudisha? Ni mwezi. Ninyi mnajua kwamba jiwe likitupwa juu hurudi chini, kwa sababu dunia inalivuta. Mwezi nao unavuta dunia, na maji ya bahari, kwa kuwa si magumu kama mawe, huufuata mvuto huo. Yanainuka upande wa dunia unaouelekea mwezi, na yanainuka pia upande ulio kinyume. Dunia inapojizungusha, kila pwani hupita mara mbili katika maji yaliyoinuka. Ndiyo sababu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Tangu kujaa mpaka kujaa tena ni saa 12 na dakika 25 hivi.

Dakika zile 25 zinatoka wapi? Mwezi hausimami mahali pamoja. Dunia inapomaliza mzunguko wake mmoja, mwezi umekwisha kusogea mbele, na dunia lazima iongeze kidogo ili kuufikia. Basi kila siku maji huchelewa kuliko jana yake kwa dakika 50 hivi.

Jua nalo linavuta, ijapokuwa kwa nguvu ndogo kuliko mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta katika mstari mmoja. Siku hizo maji hupanda sana na kushuka sana. Watu wa pwani huziita siku za bamvua. Huko Unguja, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka kwa mita 4 hivi, yaani kupita kimo cha watu wawili, mmoja akisimama juu ya kichwa cha mwenzake. Mwezi ukiwa nusu, maji hayaendi mbali wala hayapandi sana. Hayo huitwa maji mafu. Na ziwa Tanganika? Linavutwa vilevile. Lakini ziwa hilo, pamoja na ukubwa wake, mbele ya bahari ni bakuli tu, na maji yake hayapandi kiasi cha kuonekana kwa macho.

Kwa hiyo mgeni mwenye akili, kabla ya kuuliza chakula, huuliza: «Leo maji yanapwa saa ngapi?» Akijua saa hiyo, ataona mengi. Asipoijua, atakaa kitini akilalamika kwamba bahari imekimbia.

Sasa na avae viatu, maana chini kuna mawe makali, ateremke pamoja na wale wanawake. Wanaelekea shambani. Ndiyo, shamba lao liko ndani ya bahari! Wanalima mwani, yaani majani ya bahari. Kilimo hicho kilianza katika pwani ya mashariki ya Unguja karibu na mwaka 1989, kwa mbegu iliyoletwa kutoka Ufilipino. Mwanamke hupigilia vijiti viwili mchangani, hufunga kamba kati yake, na juu ya kamba hufungia vipande vidogo vya mwani, kimoja kimoja, kama mtu anayeanika nguo za watoto wachanga. Maji yanarudi, yanafunika shamba, mwani unakua. Baada ya wiki sita hivi huvunwa, huanikwa juani, hutiwa katika magunia na kuuzwa ng'ambo. Viwandani hutolewa ndani yake kitu cha kuyafanya maji yawe mazito. Kitu hicho hutiwa katika dawa ya meno, katika vyakula vya maziwa, na hata katika dawa za hospitali. Huenda mtoto anayepiga mswaki Lubumbashi ametia kinywani kazi ya mama wa Jambiani, naye hajui.

Kazi hiyo imewapa wanawake wengi fedha yao wenyewe. Wamenunua mabati ya nyumba, wamelipia madaftari ya watoto. Lakini siku hizi wana shida. Mwani hautaki maji ya moto. Bahari imeongezeka joto, na maji machache yanayobaki juu ya mchanga wakati wa jua kali huchemka kama ya kuogea. Mwani mnene, ule wenye bei nzuri, umekufa mahali pengi. Umebaki ule mwembamba wenye bei ndogo. Ingefaa kulima mbali zaidi, penye maji marefu na baridi. Lakini huko panatakiwa chombo, tena panatakiwa kujua kuogelea, na wanawake wengi wa vijiji hivyo hawakufundishwa kuogelea walipokuwa wasichana. Wengine wameanza kujifunza sasa, wakiwa watu wazima wenye watoto.

Juu ya shida hiyo huongezeka wageni. Katika kijiji jirani cha Paje, penye upepo mzuri, wageni hupenda kuteleza juu ya maji wakisimama juu ya ubao, huku wanavutwa na tiara kubwa angani. Ni mchezo wa kupendeza kuutazama. Lakini ubao ukipita juu ya kamba za mwani, au mguu wa mtu asiyetazama chini ukikanyaga, kazi ya wiki sita hukatika mara moja. Mgeni hakukusudia ubaya. Alidhani vile vijiti ni takataka za baharini. Mtu hawezi kuingia katika shamba la mihogo la jirani na kucheza mpira humo. Shamba la mwani nalo lina mwenyewe, ijapokuwa halina ua.

Mbele ya mashamba kuna vidimbwi, na hapo ndipo watoto wote husahau kurudi. Chuchumaeni mtazame. Kaa anatoka shimoni, anatazama kwa macho yaliyosimama juu ya vijiti, anarudi. Jongoo bahari, mnene kama muhogo, amelala anameza mchanga. Kile chenye mikono mitano kama nyota huitwa kiti cha pweza. Kuna mnyama mviringo, mweusi, mwenye miiba mirefu kama nungunungu. Huyo asiguswe, maana miiba yake huingia mguuni na kukatika humohumo. Pweza mwenyewe ni vigumu kumwona. Ana mikono minane na mioyo mitatu, naye hugeuza rangi ya ngozi yake ifanane na jiwe alilolala juu yake. Wenyeji humtafuta kwa fimbo yenye ncha, wanachungulia kila shimo. Katika vijiji vingine watu wamepatana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa, mtu asivue pweza humo, ili wadogo wapate kukua. Siku ya kufungua, kijiji kizima hushuka pwani.

Mtoto mwenye macho makali ataona pia kauri, yaani simbi, zikitambaa chini ya mawe. Simbi! Mnazifahamu. Zamani zilikuwa fedha katika nchi nyingi za Afrika, na Bakuba wa Kasai hupambia vinyago kwa simbi. Lakini hakuna simbi hata moja iliyozaliwa katika mto wa Kongo au katika ziwa. Zote ni nyumba za wanyama wadogo wa baharini, laini kama konokono, na wafanyabiashara walizichukua kutoka Bahari ya Hindi, zikapita mkono kwa mkono, soko kwa soko, mpaka ndani kabisa ya bara. Ile inayotambaa ina mwenyewe bado hai ndani yake. Iachwe. Iliyotupwa na mawimbi mchangani ni tupu. Hiyo itazamwe kwa raha.

Wakati huo mgeni ameinama, amesahau saa. Hapo ndipo penye hatari. Maji hayarudi kwa kishindo. Yanarudi kimyakimya, nayo hayaji kwanza mbele ya macho yake. Yanaingia katika mifereji na mabonde ya nyuma, kati yake na kijiji, kwa sababu hapo ndipo mahali pa chini. Mtu bado amesimama juu ya mchanga mkavu, anageuka kwenda nyumbani, na anakuta maji ya kiuno, kisha ya kifua. Wanawake wa mwani hawapatwi na jambo hilo. Maji yakianza tu kugeuka, hata kabla mgeni hajaona kitu, wamekwisha kujitwika magunia na kurudi. Mgeni awafuate wao, wala asijione hodari kuliko wao.

Saa za mchana maji yanapanda, na sasa ni zamu ya kuogelea. Maji ni ya vuguvugu, ya rangi ya kijani karibu na ya buluu mbali. Ni ya chumvi nyingi: katika lita moja mna gramu 35 hivi za chumvi, basi macho yatawasha kidogo. Mawimbi makubwa hayafiki hapa. Mbona? Kwa sababu kule mbali, penye ule mstari mweupe, kuna mwamba unaozunguka pwani kama ukuta, na mawimbi huvunjikia huko.

Ukuta huo haukujengwa na watu. Ulijengwa na wanyama wadogo sana, wengine wadogo kama punje ya mtama. Kila mmoja hujitengenezea kikombe cha chokaa, huishi ndani yake, huzaa, hufa, na watoto wake hujenga juu ya nyumba ya wazazi. Hayo ndiyo matumbawe. Yako yenye matawi kama mti, yako ya mviringo kama jiwe la kusagia. Tumbawe la mviringo hukua kiasi cha sentimita 1 tu kwa mwaka. Likiwa na kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, limeanza kujengwa kabla ya kuzaliwa babu yake. Mguu mmoja, au nanga moja iliyotupwa ovyo, hulivunja mara moja.

Anayetaka kuyaona huchukuliwa kwa ngalawa, mtumbwi uliochongwa kwa gogo, mara nyingi la mwembe, wenye mbao ndefu pande zote mbili ili usipinduke, na tanga la pembe tatu. Mtoto wa ziwani ataipenda ngalawa kuliko kitu kingine chochote. Nahodha humpa mgeni kioo cha kufunika macho na pua, na mrija wa kupumulia. Asiyejua kuogelea vizuri avae jaketi la kuokolea, tena asione haya. Akitia uso majini ataona mji mzima: samaki wa manjano, wa buluu, wenye mistari kama punda milia. Na atasikia kitu, kr, kr, kr, kama mtu anayetafuna mahindi makavu. Huyo ni pono. Ana meno magumu yaliyoungana kama mdomo wa kasuku. Anauma matumbawe ili apate majani madogo yaliyoota juu yake, anasaga mawe ndani ya koo, anameza. Kisha? Kisha, watoto, mchanga mweupe hutoka nyuma yake pamoja na kinyesi. Msicheke sana. Sehemu ya ule mchanga mzuri ambao wageni hulala juu yake na kuusifu ilipita tumboni mwa pono. Sehemu nyingine ni vipande vya matumbawe na makombe vilivyosagwa na mawimbi. Usiku pono hulala usingizi mzito, na aina nyingine za pono hujifunika kwa ute kama shuka. Ndiyo maana watu wa pwani, wakimwona mtu ambaye haamki hata akiitwa, husema amelala kama pono.

Basi mwamba ukifa, nini kitatokea? Pono ataondoka, na samaki wengine vilevile. Mawimbi yatapita juu ya ukuta uliobomoka, yatafika penye minazi, yatachukua mchanga. Na mwamba unaweza kufa. Maji yakipata joto kupita kiasi kwa muda wa wiki kadhaa, matumbawe hupoteza rangi na kuwa meupe kama mifupa. Yasipopata nafuu upesi, hufa. Mwaka 1998 jambo hilo lilipata miamba mingi ya Bahari ya Hindi, na Unguja pia. Mahali pengine iliota tena, polepole. Kuna kisiwa kidogo, Chumbe, kusini ya mji wa Zanzibar, ambako mwamba ulipigwa marufuku kuvuliwa tangu mwaka 1994. Wavuvi wa zamani walifundishwa, wakawa walinzi wake, na wanafunzi wa shule za Unguja hupelekwa huko kuona kwa macho yao kile ambacho wengi walikuwa wakikisikia tu, ingawa walizaliwa kando ya bahari.

Neno moja kwa waogeleaji. Katika mwamba mna nafasi wazi, huitwa mlango. Maji yanapopwa, maji yote ya ndani hukimbilia kutoka kwa mlango huo, kwa nguvu kama mto. Hapo pasiogelewe. Aliyechukuliwa asipigane na mkondo, maana atachoka. Aelee, aite watu, ajaribu kwenda upande mpaka atoke katika njia ya mkondo.

Kuna mengine ya kutazama Unguja, nje ya pwani. Katika msitu wa Jozani kuna kima punju, kima wekundu ambao hawapatikani popote duniani ila katika visiwa vya Zanzibar. Katika kisiwa cha Changuu kuna kobe wakubwa sana, ambao wa kwanza wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Katika Mji Mkongwe kuna milango ya mbao iliyochongwa kwa ufundi, na kuna mahali pamoja ambapo mtoto wa Kongo atasimama kimya: pale palipokuwa soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa mwaka 1873, na Waanglikana walijenga kanisa mahali pake. Baadhi ya watu waliouzwa hapo walitembea kwa miguu katika pande zilezile za bara ambazo kidole kimepita juu ya ramani.

Turudi Jambiani. Ni saa kumi jioni, maji yamejaa kabisa. Wageni wanatoka majini; wanapoingia kijijini wanajifunga khanga au kuvaa shati, maana wenyeji ni Waislamu, nao hawapendi mtu apite mbele ya nyumba zao akiwa na nguo za kuogelea tu. Chini ya minazi wanawake wengine wanapiga makumbi ya nazi kwa rungu. Makumbi hayo yalizikwa miezi mingi katika mchanga wa pwani mpaka yakalainika. Sasa yanatolewa nyuzi, na nyuzi zinasokotwa kuwa kamba. Mvuvi anatengeneza tanga lake. Hana saa mkononi, na yule mama mwenye mwani hana vilevile, lakini wote wawili wamekwisha kujua watashuka saa ngapi kesho na keshokutwa.

Hesabuni ninyi. Leo maji yamepwa kabisa saa nne asubuhi. Kesho yatapwa saa ngapi? Na keshokutwa? Mgeni atakayeshuka keshokutwa saa nne kamili atayakuta maji yamekwisha kupwa, au bado yanapwa?